UZI: Nataka boksi la sensa zisizo na waya ambalo hata asiyejua programu atalitumia. Mbona kila nikijaribu linafia shambani?

#1 Mwl_Chuno
Wakuu habari za jioni, Mtwara kuchele.

Nina kikundi cha vijana huku Chuno, kila Jumamosi tunakutana bandani nyuma ya nyumba. Kuna wa kidato cha pili, kuna fundi cherehani mmoja, dada mmoja anasuka mikeka na kijana anayechonga mpingo. Kazi yetu ni kubuni vitu vinavyomwitikia mtu, mfano benchi la maskani ukilikalia taa inawaka, au mlango wa banda la kuku ukiachwa wazi usiku kitu kinalia huko ulikolala. Hatuuzi, tunajaribu wazo jioni moja, likionekana halina maana tunalitupa tunashika lingine.

Sasa wazo wanalo, mikono wanayo, ila tukifika kwenye umeme wote wanageuka kuniangalia mimi. Nataka niunde kiti cha sensa (vidude vya kuhisi mguso, joto na kadhalika) zisizo na waya, cha bei ya kawaida, yule dada wa mikeka afungue, achukue kisensa, akibandike anapotaka, na kitu kiitikie. Bila programu na bila mimi.

Jaribio la kwanza nimelifanyia shambani kwa mama mkubwa, Naliendele. ESP8266 (bodi ndogo yenye waifai), sensa ya joto na unyevu DHT11, ile bamba ya kuhisi matone ya mvua, pawabenki, vyote kwenye kopo la plastiki. Korosho zimeanikwa, matone yakianza king'ora kilie nyumbani kwake, kama mita 200 hivi, kwa hotspoti ya simu yake. Mezani kwangu kilikaa siku tatu safi kabisa. Shambani hakikumaliza saa moja, na nimerudia mara nne.

Hiki kimoja nitahangaika nacho mwenyewe. Ninachotaka mnisaidie ni hivi: vitu vinavyoitwa rahisi, urahisi wake unapotelea wapi? Na ukimtengenezea mtu asiye fundi, unaanza kumfichia kipi?

#2 Kipanya_Lindi
Kiti cha sensa kina mgongo au ni stuli?

#3 Mwl_Chuno
Hahaha haya, boksi. Seti. Ita utakavyo mkuu.

#4 Mzee_wa_Ndanda
Sensa tulishahesabiwa Agosti 2022, mnataka kutuhesabu tena? Natania mwalimu. Naweka mkeka hapa nisome.

#5 fundi_redio_Majengo
Mwalimu nimesoma neno pawabenki nikacheka peke yangu. Umeweka programu ya kulala au inakuwa macho muda wote? Kama inalala basi mchawi umemwona. Pawabenki nyingi zimetengenezwa kuchaji simu, zikiona kitu kinanyonya umeme kidogo sana zinadhani simu imejaa, zinajizima. ESP ikilala vizuri inakula maikroampia tu, pawabenki inahisi hakuna mtu, inafunga duka. Sensa ikitaka kuamka hakuna umeme. Mezani kwako ilikaa siku tatu kwa sababu nina hakika ulichomeka kwenye kompyuta au chaja ya ukutani, sema kweli.

Hili nimeliona kwa wateja wangu siyo mara moja, mtu anakuja na bodi mkononi anasema imeungua, naipa umeme wa kawaida inawaka kama mpya.

#6 Mwl_Chuno
#5 kweli ilikuwa kwenye kompyuta. Inalala dakika 5 inaamka. Lakini mara ya tatu niliondoa kulala, ikawa macho muda wote, na bado ilikufa, ila ilichukua muda zaidi kidogo.

#7 Nachingwea_moja
Hapo ndo pawabenki inatoka kwenye kesi mkuu. Mi naona hotspoti. Simu nyingi za Android zina kitu, hotspoti ikikaa dakika kadhaa bila mtu kujiunga inajizima yenyewe ili kuokoa betri. Sensa ikilala simu inaona hakuna mtu, inazima, sensa ikiamka inatafuta waifai haipo, inazunguka inatafuta inatafuta mpaka betri inaisha. Na hata kama haikulala, mita 200 kwa hotspoti ya simu ndani ya mikorosho wewe mwalimu ulitegemea nini, mezani kwako ilikuwa mita mbili.

Halafu jina la waifai na nywila si uliviandika ndani ya programu? Mama mkubwa akibadilisha simu kesho lazima urudi na kompyuta. Hapo tayari siyo boksi la mtu asiyejua programu. Wamarekani walivyotoa Arduino, ile bodi ya kubunia vitu vya umeme, waliahidi kila mtu ataweza, mpaka leo mtu anaandika nywila ya waifai kwa mkono kwenye mstari wa 12.

#8 Waya_Mwekundu
#7 Arduino na Marekani wapi na wapi? Imezaliwa Italia, mji wa Ivrea, 2005, kwenye chuo cha usanifu, na jina ni la baa waliyokuwa wanakaa jioni, baa yenyewe imepewa jina la mfalme Arduin wa zamani hizo. Mengine yote uliyosema sawa.

#9 Kipanya_Lindi
Kumbe baa inaweza kuzaa kitu. Nitamwonyesha mke wangu hii posti.

#10 BintiKilwa
#8 nakuongezea, kabla ya Arduino kulikuwa na bodi ya Wiring ya Hernando Barragán, Mkolombia, 2003, alikuwa mwanafunzi hapohapo Ivrea na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya shahada ya uzamili. Watu wanamsahau sana.

Nirudi kwa mwalimu. Nimesomea usanifu na swali lako ni la zamani kuliko hizo bodi. 2001 chuo kikuu cha Calgary, Kanada, Saul Greenberg na Chester Fitchett walitoa kitu kinaitwa Phidgets. Hoja yao ilikuwa hivi: anayetengeneza programu ya kompyuta akitaka kitufe kwenye skrini anakivuta anakiweka, yaliyomo ndani hayamhusu. Kwa nini kitufe cha kushika kwa mkono kisiwe hivyohivyo? Wakafunga kila sensa kwenye kabodi chake, ukichomeka kwa USB kompyuta inakitambua. Lakini ona, vilikuwa na waya. Waya unachekwa siku hizi ila una jambo moja zuri sana, unaonekana. Ukimuuliza mtoto hiki kimeunganishwa na nini anafuata waya kwa kidole anafika. Ukiondoa waya umeondoa na hilo jibu. Mwalimu mimi naona urahisi wako umepotelea hapo, mama mkubwa anaangalia kopo, anaangalia simu, katikati hakuna kitu cha kufuata kwa kidole.

#11 Mwl_Chuno
Dada hii ya kidole nimeirudia kuisoma mara mbili. Asante.

#12 fundi_redio_Majengo
Maneno mazuri ila kopo limekufa kwa umeme. Hata kama siyo kujizima. Nimwambie Nachingwea, ESP ikirusha waifai inavuta kwa kishindo, zaidi ya miliampia mia mbili kwa muda mfupi sana, na waya wa USB wa bei rahisi ni mwembamba kama unywele, volti inaanguka, bodi inajizima na kuwaka upya, inajaribu tena kurusha, inaanguka tena. Mtu akiangalia taa inawaka anasema nzima. Ukiona bodi inawaka na kuzima kwa mapigo kama moyo usitafute mchawi mwingine.

#13 MamaMikorosho
Habari zenu wanangu. Mimi ni mkulima, Nanguruwe, uzi kaniletea binti yangu. Nimeusoma wote, nusu sijaelewa, ila yaliyo yangu niyaseme.

Mwalimu umefanya kosa moja kabla ya hayo ya umeme. Mvua ikidondoka kwenye kibamba chako, korosho zimeshalowa. Sisi hatungoji tone. Tunaona wingu limekaaje upande wa bahari, upepo unageuka una ubaridi, kuku wanakimbilia uvunguni, hapo watoto wanaitwa wanakunja turubai. Korosho inataka jua siku mbili tatu, unazigeuza, ukizitikisa kiganjani zikilia ndo zimekauka. Ukipeleka mbichi AMCOS, chama cha ushirika, wanakupimia wanakurudishia ukaanike tena, na wewe umeshalipa bodaboda kwenda, utalipa tena kurudi. Sasa hicho king'ora chako kinaniambia nini nisichokijua? Ningependa kiniambie mzigo ulioko ghalani, gunia la chini kabisa, lina joto au limeanza kuvunda, maana pale jicho langu halifiki.

Na lingine. Kikizima, nakiwashaje? Hilo mmelijadili wapi, naona mnaongea betri tu.

#14 Kipanya_Lindi
Mama kafunga uzi.

#15 Mwl_Chuno
Mama shikamoo. Umenipiga palepale. Gunia la chini sikuwahi kulifikiria, nilianza na sensa niliyonayo nikaitafutia kazi.

#16 MamaMikorosho
Marahaba mwanangu.

#17 BintiKilwa
#13 na #15, hiyo ndiyo faida ya boksi, hata lililokufa. Mwalimu kapeleka kitu kibovu shambani, kapata wazo zuri. Angekaa mwaka mzima anatengeneza kopo lisiloingia maji angekuja kuambiwa hayohayo mwaka kesho.

#18 Nachingwea_moja
Mama kwenye gunia la chini kuna tabu yake. Masafa ya 2.4 GHz, ya waifai na bluetooth, maji yanayanyonya sana, na gunia lenye unyevu, majani, mwili wa mtu, vyote ni maji. Ukiweka sensa chini ya magunia kumi utasikia kimya. Bora LoRa, aina nyingine ya redio, ya 433 MHz, inapenya vizuri zaidi na inaenda mbali. Antena yenyewe unakata waya tu, wimbi la 433 ni kama sentimita 69 kwa hiyo unakata waya sentimita 69 unachomelea kwa risasi basi.

#19 fundi_redio_Majengo
Dogo usipotoshe watu. 69 ni wimbi zima. Antena ya waya unakata robo, sentimita 17.3. Kwa 2.4 wimbi ni sentimita 12 na nusu, robo yake ni 3 na kidogo ndo maana kwenye ESP antena ni kale kamchoro ka nyoka pembeni ya bodi, na watu wanakalaza juu ya betri au wanakafunika na bati halafu wanalia mawimbi mabaya. Mwalimu kopo lako umelilaza vipi?

#20 Mwl_Chuno
Bodi iko juu ya pawabenki, nimezifunga pamoja kwa raba bendi. Nanyamaza.

#21 Waya_Mwekundu
Hapa tumepata washukiwa wanne kwenye kopo moja. Pawabenki, hotspoti, waya wa USB, antena kulalia betri. Naongeza wa tano, zile waya za jampa za kuchomeka tu na bredibodi, kile kibao cha matundu cha kujaribia. Mtwara hewa ina chumvi, mimi nakaa Shangani, nati ya baiskeli inapata kutu kabla ya msimu kuisha. Jampa ikipata ukungu kidogo inagusa na kuachia, na kopo likibebwa kwa bodaboda kutoka Chuno mpaka Naliendele nusu ya waya zimeshatoka kwenye matundu. Mezani hakuna bodaboda.

#22 Nachingwea_moja
Wa sita joto. Kopo limefungwa juani Naliendele mchana, DHT11 mwisho wake nyuzi 50, ndani ya plastiki lililofungwa utafika tu. Na unyevu inaopima ni wa ndani ya kopo, yaani anapima pumzi ya kopo hahaha. Na hiyo #19 sawa fundi, robo, nimekubali.

#23 Mcheza_Sindimba
Wakuu niingize kisa changu kabla hamjafika wa kumi.

Mimi niko kwenye kikundi cha ngoma. Kuna jamaa alitukopesha micro:bit, ile bodi ndogo ina kipima mtikisiko ndani na redio yake. Wazo letu, mchezaji anaivaa mguuni pamoja na njuga, akikanyaga, taa ya rangi yake inawaka jukwaani. Sindimba usiku na taa zinafuata miguu, mnaona picha. Kuipanga haikuwa tabu, ni vipande vya rangi unaviburuta kwenye simu unavipachika kama matofali, dada yetu mmoja aliyeishia la saba alipanga yake kwa nusu saa.

Wazo likafa kwa mambo mawili. Kwanza, wote wanne tuliacha namba ya kundi la redio ileile, kwa hiyo Hamisi akikanyaga taa zote nne zinawaka, tukadhani zimeharibika, tumekaa jioni nzima. Kumbe unachagua namba kuanzia 0 mpaka 255, kila mmoja yake na taa yake, basi. Hakuna aliyetuambia. Pili, mchezaji akigeuka akawapa mgongo watazamaji, taa inakatika. Yaani mguu wa mbele unaonekana na kipokeleo, akigeuka mwili wake unakaa katikati, inapotea. Ndo hayo maji ya #18.

#24 Kipanya_Lindi
Sindimba nzima ni kugeuka na kiuno, sasa mlitaka wacheze wamesimama kama askari?

#25 Mcheza_Sindimba
Tulihamishia kipokeleo juu kwenye nguzo ya taa, ikawa afadhali kidogo. Kiuno kilibaki pale pale.

#26 BintiKilwa
Mcheza hii yako ni muhimu kuliko unavyojua. Mwanzo tulijaribu na sisi chuoni kutuma kila kitu kupitia waifai mpaka seva ya nje ya nchi halafu irudi iwashe taa hapohapo mita mbili. Mtu anagusa, anasubiri, anagusa tena kwa sababu anadhani hakugusa, taa inawaka mara mbili. Mwitikio ukizidi sehemu ya kumi ya sekunde mtu anaanza kuhisi kuna mkono wa tatu katikati. Kwa ngoma hiyo ni kifo maana sikio linajua mdundo.

Sasa angalieni kitu hiki. Sensa ya gunia la mama inaweza kulala saa nzima, ikaamka, ikasema neno moja, ikalala, betri ndogo ikakaa msimu. Njuga haiwezi kulala hata kidogo, lazima iwe macho, betri inakwisha usiku huohuo. Mwalimu anataka boksi moja la wote wawili. Mimi sidhani lipo.

#27 Mwl_Chuno
Lakini dada, kwa nini mtumiaji asiwe na swichi moja tu, "haraka" na "polepole"? Akiwa ngomani anaweka haraka, ghalani polepole. Ndani mimi ndo najua haraka maana yake haitalala.

#28 BintiKilwa
Swichi nzuri. Siku mama akiweka "haraka" kwa sababu nani anataka polepole, wiki moja betri imekwisha, kakasirika, kakurudishia boksi.

#29 MamaMikorosho
Kweli kabisa mimi ningeweka haraka.

#30 Waya_Mwekundu
Iandikwe "ngoma" na "ghala". Hapo hakosei mtu.

#31 Mzee_wa_Ndanda
Nilikuwa mwalimu wa ufundi miaka mingi kabla sijastaafu, niseme kidogo kinyume. Mnaficha, mnaficha, mnaficha. Mnafikiri mtu asiye fundi hawezi kujifunza. Huyo dada wa mikeka anajua kuhesabu ukili wa rangi tatu kichwani bila kalamu, sembuse waya mwekundu na mweusi? Ukimfichia kila kitu, siku kikiharibika anabaki na jiwe. Kile cha sumaku, vipande vinavyonasana vyenyewe kwa upande mmoja tu, littleBits, kizuri sana kwa kufungua macho, mtoto hawezi kukosea kuunga. Ila kikishaisha ulichopewa kwenye sanduku umefika mwisho wa njia. Arduino inatesa, lakini huko mbele barabara iko wazi.

#32 fundi_redio_Majengo
Mzee nakuheshimu ila wewe ulikuwa unafundisha darasani, mwanafunzi amefungiwa hapo mpaka kengele ilie. Mtu wa Jumamosi kwa mwalimu Chuno akikwama nusu saa anaenda zake baharini.

#33 Mzee_wa_Ndanda
Na mimi ningeenda, samaki hawangoji.

#34 Mwl_Chuno
Ngoja nitupe pendekezo mlipige mawe. Kila kisensa kina taa tatu. Nyekundu betri, njano sioni kipokeleo, kijani mambo safi. Ikizima mama anaangalia taa anajua ni nini. Yaani siifichi shida, naifanya iseme ugonjwa wake yenyewe.

#35 Nachingwea_moja
Taa yenyewe inakula betri mkuu. Hata ile kataa ka umeme kwenye bodi, kanawaka muda wote, pamoja na regyuleta (kidude cha kushusha volti) ya AMS1117 inayokunywa miliampia kadhaa hata bodi ikiwa imelala. Watu wanaandika ESP inalala kwa maikroampia 20, kweli, chipu peke yake. Bodi nzima ya Kariakoo haifiki huko hata uiimbie. Mi nakang'oa hako kataa na pinseti siku ya kwanza.

#36 Mcheza_Sindimba
Halafu taa tatu juani nani anaona. Na sisi wa jukwaani tukiongeza taa nyingine tatu mguuni itakuwa harusi.

#37 MamaMikorosho
Mwalimu mimi macho ya karibu yananisumbua. Ilie. Kama betri ilie hivi, kama imepotea ilie vile. Kuku akitaga analia kivyake na akiona kicheche analia kivyake, hatujawahi kuhitaji taa.

#38 BintiKilwa
Mama unatafuta kazi? Natania, ila nakuandika kwenye daftari langu. Tatizo moja tu, kilichopoteza mawasiliano kitalia shambani mita 200 na wewe uko ndani. Anayetakiwa kulia ni kile cha nyumbani, kiseme "mwenzangu simsikii". Kwa hiyo kila kisensa kiwe kinatoa salamu kila baada ya muda, na kimya chake chenyewe kiwe ndiyo taarifa.

#39 Waya_Mwekundu
Hii ndo posti bora ya uzi mpaka sasa. Kimya kiwe taarifa. Kopo la mwalimu lilikaa kimya, mama mkubwa akadhani hakuna mvua.

#40 fundi_redio_Majengo
Na salamu kila muda ni kuamka kila muda, ni betri. Narudi palepale kwa umeme wangu, mtanikumbuka. Mwalimu tupa pawabenki, weka betri nne za kawaida za AA, volti 6, ingiza kwenye tundu la Vin, la kuingizia umeme kwenye bodi. Usiweke betri moja ya lithiamu pale, hiyo AMS1117 inataka volti 1 na kitu juu ya 3.3, yaani 4.4 hivi, na lithiamu ikijaa kabisa ni 4.2.

#41 Nachingwea_moja
Wakuu na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, je, si vifaa vya redio vinatakiwa viidhinishwe? Ukitaka kuuza boksi si kujaribu bandani tu.

#42 Mwl_Chuno
Siuzi mkuu. Siku nikiuza nitapiga hodi.

#43 Kipanya_Lindi
Mtu wa kusini anasema hauzi? Wamachinga jina limetoka huku kwetu Lindi, usituangushe.

#44 Mzee_wa_Ndanda
Huyo wa Chuno siyo Mmachinga, ni Nmakonde, mwache na nkorosho zake hahaha.

#45 BintiKilwa
Swali la mwisho kwangu leo, nani anaamua sensa ipi inaongea na taa ipi? Mcheza alipigwa na namba ya kundi. Nachingwea nywila ya waifai. Mimi naona hapo ndo pagumu kuliko betri, kuoanisha. Stanford 2006 walitoa d.tools, unachora kwenye kompyuta hali ya kwanza, mshale, hali ya pili, kitufe kikibonyezwa inahama. Nzuri mno kwa wasanifu ila bado unahitaji kompyuta mezani. Kwa dada wa mikeka ningependa avigusanishe tu. Kisensa na taa, vigusane sekunde mbili, vimejuana. Akitaka kuvitenganisha avigusanishe tena.

#46 Mcheza_Sindimba
Vikipakiwa pamoja kwenye begi si vitaoana vyenyewe njia nzima? Tutafika jukwaani kila mtu ana mume.

#47 BintiKilwa
...Mcheza umeniharibia usingizi.

#48 Mwl_Chuno
Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimekaa wiki. Jumamosi tulienda tena Naliendele na kikundi chote.

Tumeweka betri nne za AA kama fundi alivyosema, bodi nimeitoa juu ya betri, waya nimezichomelea kwa risasi, bredibodi nimeiacha nyumbani. Badala ya hotspoti, ESP mbili zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa ESP-NOW, hakuna nywila. Ya nyumbani inalia kama haijasikia salamu dakika 10. Na kopo nimelitupa. Yule dada wa mikeka alivyosikia habari ya pumzi ya kopo akacheka, akachukua kawa ya kufunikia chakula akaifunikia sensa, hewa inapita na jua halipigi moja kwa moja. Sijui kwa nini mimi sikuwaza kawa.

Imekaa kuanzia saa 4 asubuhi mpaka usiku. Halafu saa 2 ikalia nyumbani, "simsikii". Mama mkubwa akatoka na tochi, akaisogeza kama hatua tatu kutoka chini ya mkorosho, ikarudi. Akairudisha palepale ilipokuwa kuijaribu, ikaendelea kusikika. Asubuhi ikalia tena mara mbili, ikarudi bila kuguswa na mtu.

#49 Nachingwea_moja
Majani. Usiku umande unakaa kwenye majani, maji hayo, 2.4 inanyonywa. Asubuhi jua linakausha inarudi. Nilisema 433.

#50 fundi_redio_Majengo
Umeme. Usiku baridi betri za dukani zinashuka. Pima volti ikiwa inarusha, siyo ikiwa imelala.

#51 Nachingwea_moja
Baridi ya wapi Mtwara mwezi huu fundi? Usiku naona shuka ni mzigo.

#52 Waya_Mwekundu
Saa za bodi mbili hazilingani. Moja inahesabu dakika 10 haraka kuliko mwenzake, salamu inakuja wakati mwenzie ameshakata tamaa. Saa ya ndani ya ESP ikilala inateleza sana na joto likibadilika. Mpe nafasi, akose salamu tatu ndo alie.

#53 MamaMikorosho
Je kama ni mbuzi? Usiku mbuzi wa jirani wanalala chini ya mkorosho. Mwili wa mbuzi si maji pia kama wa mcheza ngoma?

#54 Mwl_Chuno
Mama mkubwa ana mbuzi wanne. Wakuu sikuwataja mwanzo maana hamkuuliza. Jumamosi hii nalala huko huko na voltimita ya fundi, atakayekuja aje na chandarua chake.

#55 Mcheza_Sindimba
Nipo. Nakuja na njuga, tutazivika mbuzi, zikilia tutajua kama ni wao.

#56 Kipanya_Lindi
Mimi nakuja na kiti.

#57 MamaMikorosho
Mwalimu muulize huyo dada kawa anauzaje, nataka mbili, na moja ya kuku.